Nchi ya Mvua na Vilima

Mgeni ajaye Kenya kutembea huwa amekwisha kuambiwa mambo mawili kabla hajaondoka kwao: habari za simba wa Maasai Mara na habari za mchanga mweupe wa Pwani. Sifa hizo si za bure, na kila mwaka maelfu ya watu huja kuzihakikisha kwa macho yao. Lakini wengi wao hurudi makwao bila kujua kwamba upande wa kaskazini-magharibi wa Mara, baada ya kupita Kilgoris, nchi huinuka ghafula, majani makavu hugeuka migomba, na joto hugeuka baridi ya kupendeza. Hiyo ndiyo nchi ya Wakisii, ambao katika lugha yao wenyewe hujiita Abagusii. Leo nchi hiyo ni kaunti mbili, Kisii na Nyamira, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja.

Katika vilima hivyo hakuna tembo wala twiga. Hakuna lango kubwa la mbuga lenye askari na tikiti. Kilichopo ni mvua, na vitu vyote vizaliwavyo na mvua: chemchemi, mito, mashamba ya chai, ukungu wa asubuhi, na rangi ya kijani isiyokauka mwaka mzima. Tena karibu kila kitu ambacho mgeni atakitazama kimo ndani ya shamba la mtu, au mpakani mwa shamba la mtu. Jambo hilo lafaa kukumbukwa tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linaloitofautisha nchi hii na mahali pengine pote wanapopelekwa watalii.

KUPANDA KUTOKA UWANDANI

Njia ipendezayo sana ya kuingia Kisii ni ile itokayo Kisumu. Msafiri huvuka kwanza uwanda wa Kano, nchi ya joto iliyolala sawasawa kama meza, yenye mashamba ya mpunga karibu na Ahero. Huko Ahero huiacha barabara iendayo Kericho, akashika njia ya kusini, akavuka mto kwenye mji wa Sondu. Baada ya Oyugis barabara hupanda na kuzunguka, kilima baada ya kilima, na kila kilima kina zawadi yake. Hapa hewa imepoa. Pale udongo umekuwa mwekundu kama tofali jipya. Mbele kidogo migomba imesimama mpaka kando ya lami, na akina mama wamepanga mikungu ya ndizi na marundo ya parachichi wakingoja wanunuzi.

Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na vilima vingine vya upande wa mashariki hupita mita 2,000. Kwa hiyo mtu aliyetoka ziwani asubuhi akiwa na shati jembamba, jioni ataomba blanketi.

Mji wenyewe umejibana katika bonde, na nyumba zake hupanda kingo za vilima kana kwamba zinasukumana. Wazee bado huutaja kwa majina mawili ya zamani. La kwanza ni Getembe. La pili ni Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu, kwa kuwa hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga boma lake mwaka 1907. Siku ya Jumatatu na ya Alhamisi mgeni asikose kwenda soko la Daraja Mbili. Huko ataona mvua ya nchi hii imegeuka chakula: ndizi za kupika na za kuiva, viazi vitamu, mahindi, wimbi, miwa, na mafungu ya mboga ambazo bado zina umande.

HABARI ZA MVUA

Katika sehemu nyingi za Kenya mkulima hutazama mbingu akijiuliza kama mvua itakuja. Katika vilima vya Kisii hujiuliza itakuja saa ngapi. Sehemu kubwa ya nchi hii hupata milimita 1,500 au zaidi kwa mwaka, na mahali pengine hufika 2,000. Mvua kubwa huanza mwezi wa Machi na kuendelea mpaka Mei. Nyingine huja kati ya Septemba na Novemba. Hata katika Januari na Februari, ambapo mashamba ya Ukambani huwa yamekauka, huku hainyimi nchi kabisa.

Sababu yake si fumbo. Asubuhi mbingu huwa safi, na jua hupasha moto nchi kavu upesi kuliko linavyopasha maji ya ziwa. Kufika adhuhuri upepo hutoka ziwani kwenda nchi ya juu, nao umebeba unyevu. Huko vilimani hukutana na pepo zitokazo mashariki. Zikikutana hivyo, hewa haina pa kwenda ila juu; ikipanda hupoa, na unyevu wake hufanya wingu. Ndiyo maana yapata saa nane au saa tisa mchana wingu jeusi husimama juu ya vilima, radi hunguruma, na mvua humwagika kwa nguvu. Saa moja baadaye huenda jua likatoka tena, na kila jani likameremeta.

Mvua hiyo ina ukali wake pia. Nyanda za juu za Kisii na za jirani yake Kericho zahesabiwa miongoni mwa mahali duniani panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi sana. Kwa dakika chache tu shamba la chai lililokuwa zuri laweza kuchanwachanwa majani yake yote, na mkulima akangoja majuma kadhaa kabla ya kuchuma tena. Radi nazo si za mchezo; mgeni asijikinge chini ya mti mrefu wala asisimame kileleni wakati wa ngurumo. Mtu mwenye busara huanza matembezi yake alfajiri, akavaa viatu vyenye meno, kwa kuwa udongo mwekundu ulioloa huteleza kama sabuni, na saa nane hurudi chini ya bati akanywa chai.

Hata hivyo mvua haikukosa kuchelewa katika siku za kale. Wazee husimulia kwamba ilipokawia, wanawake walikusanyika wakacheza ngoma iitwayo ribina, wakiiita. Watu waliozoea mvua kila siku ndio waliojua vizuri hofu ya kuikosa.

UKUTA WA MANGA

Kati ya mji wa Kisii na mji wa Nyamira kuna safu ya mwamba iitwayo Manga. Upande mmoja nchi hupanda polepole pamoja na mashamba yake. Upande wa pili mwamba umekatika ghafula kama ukuta. Mtu asimamaye juu yake asubuhi isiyo na ukungu huona nchi yote ya chini imetandazwa mbele yake: mapaa ya bati, vijito, vilima vidogo, na mbali kabisa weupe wa maji ya ghuba ya Ziwa Victoria. Wenyeji husema kwamba usiku mwangavu hata taa za Kisumu huonekana.

Kwa Abagusii Manga si mahali pa kutazamia mandhari tu. Ni mahali pa heshima, ambapo katika masimulizi yao wazee walipanda kuomba nchi ilipopatwa na taabu. Kwa ajili hiyo yampasa mgeni kuuliza kwanza, afuatane na kijana wa hapo ajuaye njia, asivunje matawi wala asiache takataka. Atakayefanya hivyo ataonyeshwa mengi kuliko yale ayaonayo mpita njia. Tena ukingo wa mwamba hauna ua wa kumzuia mtu. Wenye watoto wawashike mikono.

JIWE LA TABAKA

Upande wa kusini-magharibi wa mji wa Kisii, katika nchi ya South Mugirango, kuna mahali paitwapo Tabaka. Huko ardhi imeficha jiwe laini ambalo watu huliita jiwe la sabuni, kwa ulaini wake mkononi. Lina rangi nyingi: jeupe, la maziwa, la waridi, la kijivu. Wanaume hulichimba kwa sururu na mitaimbo, hulikata kwa msumeno na panga, kisha hulichonga kwa visu na patasi. Kazi ya kusugua kwa msasa na maji, mpaka jiwe ling'are kama yai, hufanywa zaidi na akina mama. Mwishowe hupakwa nta.

Sahani, viboko wadogo, sanamu za mama na mtoto, na kete za bao zilizotoka Tabaka zimefika kila bara. Elkana Ong'esa, mchongaji wa kutoka huko huko Tabaka, kazi yake ya ndege wa amani imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mgeni anunuaye kibanio cha vitabu katika duka la Nairobi hudhani amenunua kitu cha Nairobi. Akifika Tabaka ataona vumbi jeupe kwenye nyusi za mwenye kazi, naye atajifunza kutopunguza bei bila huruma. Machimbo hayo yatazamwe kwa uangalifu, maana mvua ikizidi kingo za mashimo hulegea na kuporomoka.

NYAMIRA, MAMA WA MITO

Msafiri apandaye kutoka Kisii kwenda Nyamira, au apitaye Keroka kuelekea Nyansiongo, huingia katika nchi ya chai. Mashamba si makubwa kama yale ya makampuni ya Kericho. Ni vipande vidogo vya wakulima, kimoja kando ya kingine, vilivyopangwa juu ya mbavu za vilima mpaka mtu adhani nchi imefunikwa zulia moja. Asubuhi wachumaji huingia na vikapu mgongoni, na jioni harufu ya majani yanayokaushwa hutoka katika viwanda kama vile Kebirigo na Sanganyi. Harufu hiyo peke yake yatosha kumkumbusha mtu safari yake baada ya miaka mingi.

Juu ya chai hiyo husimama kilima cha Kiabonyoru. Katika nyanda hizo za juu ndimo mto Gucha unamoanzia. Huwa kijito ambacho mtoto hukiruka kwa mguu mmoja. Kisha hupokea vijito vingine, hukata nchi ya Kisii, huungana na mto Migori, na mwishowe huingia Ziwa Victoria. Upande wa pili maji ya Nyamira hushuka katika mto Sondu, unaoendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye nguvu ya megawati 60, ndipo nao uingie katika ziwa lile lile. Na ziwa hilo ndilo litoalo mto Nile. Kwa hiyo mkulima wa Kiabonyoru asafishaye chemchemi yake asidhani kwamba amejifanyia kazi yeye peke yake. Walio mbali hata Misri ni majirani zake, ijapokuwa hawajui jina lake.

MSITU ULIKWENDA WAPI?

Yuko mgeni atakayeuliza swali lililo gumu: nchi yenye mvua kiasi hiki, msitu wake uko wapi? Miti ataiona kila mahali, mirefu iliyonyoka, imejaa mabondeni. Lakini akiikaribia ataona kwamba mingi ni mikalitusi iliyopandwa kwa mikono. Msitu wa asili umebaki vipande tu, kama kule Nyangweta, na mti mmoja mmoja uliosazwa vilimani na penye chemchemi.

Sababu yaeleweka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1969 nchi hii ilikuwa tayari imejaa. Katika hesabu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Ukigawanya, kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 800. Watu hao hula, hujenga na hupika. Baba aliyekuwa na shamba la kutosha aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, mpaka jembe likafika kileleni juu na ukingo wa mto chini.

Wanyama wa msitu waliondoka kwanza. Leo wamebaki katika majina tu. Abagetutu hujitambulisha kwa chui, Ababasi kwa punda milia, na Abanchari kwa kiboko, na mtoto wa shule hutaja mnyama wa ukoo wake kwa fahari ingawa hajapata kumwona ila kitabuni. Hilo ni onyo lisilohitaji maelezo marefu. Ukoo waweza kuishi na jina la chui asiyekuwapo, lakini hauwezi kuishi na jina la chemchemi iliyokauka.

Na chemchemi zipo hatarini. Mkalitusi ni mti wa faida: hukua upesi, hutoa nguzo, mbao, na kuni za viwanda vya chai, na wengi wamesomesha watoto kwa miti hiyo. Hapana haja ya kuutukana. Lakini una kiu kubwa, na mahali pake si ukingoni mwa kijito. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikalitusi iliyopandwa kando ya mito na chemchemi nchini ing'olewe. Wengine walitii, wengine walingoja mpaka habari zikapoa. Mabonde ya majimaji nayo yametolewa maji ili yalimwe, au udongo wake umefyatuliwa matofali. Mabondeni humo ndimo akaamo korongo mwenye taji la dhahabu, ndege ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Bonde likikauka, yeye hana pa kujenga kiota. Na mtalii apendaye ndege, aliyevuka bahari kwa ajili ya ndege kama huyo, hana la kumleta.

FAIDA YA MGENI, KAZI YA MWENYEJI

Basi hapa ndipo shauri la utalii linapokutana na shauri la ukulima. Mahali pengine serikali huweka ua na askari, ikahifadhi mbuga. Katika Kisii na Nyamira haiwezekani kuwaondoa watu ili miti ikae. Mhifadhi ni yule yule mwenye ekari moja, mwenye ng'ombe wawili na mstari wa migomba. Akiacha ukingo wa kijito upate mianzi, matete na mikuyu, maji hubaki safi. Akipanda mringaringa mpakani, kahawa yake hupata kivuli, na ndege hupata matunda. Mkalitusi wake aupande juu penye mwinuko mkavu, mbali na maji, nao utamlipa vilevile.

Mgeni naye hahitaji hoteli ya fahari. Huyu apendaye maumbile hutaka kijia kisicho na takataka, kijana ajuaye majina ya miti na ndege, kitanda safi, na chakula cha nchi. Chakula hicho si cha kuonewa haya: obokima ya wimbi iliyotoka motoni sasa hivi, mboga ya chinsaga iliyopikwa kwa maziwa, ndizi mbivu, na chai iliyochumwa upande wa pili wa ua. Jioni akipata mpigaji wa obokano, kinanda kikubwa cha nyuzi chenye sauti nzito itetemeshayo kifua, hatataka redio. Fedha atakazoziacha zitaingia moja kwa moja mikononi mwa mwenye kitanda, mwenye mboga na mwenye kuongoza njia. Kutoka Nairobi ni safari ya kilomita zipatazo 300 kwa njia ya Narok, na apendaye haraka aweza kutua katika uwanja mdogo wa ndege wa Suneka. Ugumu wa kufika si udhuru tena.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huja penye kitu. Maji ya Gucha yakiwa matope matupu, na Manga ikiwa imejaa karatasi za nailoni, hata tangazo zuri namna gani halitamleta. Nchi hii imepewa mvua bila kuiomba sana. Kuishika mvua hiyo isikimbie kwenda ziwani siku ile ile iliponyesha ni kazi ya jembe na ya mche. Vijana wa Kisii na Nyamira waliosoma, ambao hukaa mjini wakitafuta kazi za ofisini, wafikiri pia kazi hii. Na mzee mwenye chemchemi mpakani mwa shamba lake, kabla ya mvua za Machi kuanza, atafute miche michache ya miti ya kienyeji, aichimbie mashimo mapema. Mvua yenyewe itafanya yaliyobaki, kama ifanyavyo kila siku, yapata saa tisa.